Vijana wetu hawataki tena Krismasi ya kwa bibi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina watoto watatu, tunaishi Makambako, mimi nauza mitumba na baba yao ni fundi magari. Mkubwa ni msichana wa miaka 18, yuko Kidato cha Sita, mchepuo wa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia). Wa pili ni mvulana wa miaka 16, anamaliza mtihani wa Kidato cha Nne Novemba hii. Wa mwisho ana miaka 12, huyo popote anafurahi. Kila Desemba huwa tunakwenda kwa bibi yao Mufindi, lakini mwaka jana hao wakubwa walijifungia chumbani na simu mpaka mama mkwe akaniuliza kama wanaumwa. Mwaka huu baba yao ametenga laki saba twende mahali pengine. Msichana anataka Zanzibar. Mvulana anataka Ruaha akapige picha za simba. Baba anataka Kitulo kwa sababu ni karibu. Laki saba ndiyo yote, nauli imo humo humo. Twende wapi wasije wakaninunia siku nne nzima? – Mama Watatu, Makambako.

JIBU: Marahaba, mama. Zanzibar tuiache kabisa. Watu watano, basi hadi Dar, kulala Dar, boti, halafu safari yote hiyo kuirudia: mtakuwa mmelipia viti, si likizo.

Ruaha nayo watu wengi wanaielewa vibaya. Wanadhani kinachowashinda ni kiingilio. Kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni kutoka Ulaya. Kinachomaliza hela ni gari. Kutoka Iringa mjini hadi hifadhini ni zaidi ya kilomita 100, na ukishafika ndani huruhusiwi kutembea kwa miguu ovyo, kwa hiyo gari lile lile, na dereva yule yule, mnamlipa kwa siku zote mtakazokaa. Tena Desemba mvua zimeanza, majani yamerefuka, wanyama hawalazimiki kuja mtoni kunywa maji mbele yenu kama Septemba. Kijana wa miaka 16 akikaa saa sita kwenye kiti cha nyuma cha Land Cruiser bila kuona simba, mama, utamsikia. Mwambie Ruaha ni ya Agosti au Septemba, na ni ya kuchangiana gari na familia mbili tatu.

Baba yao kuhusu Kitulo yuko sahihi kwa jambo moja: msichana wa CBG angeipenda. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na maua ya okidi huanza kuchanua mvua zikishika, kuanzia Desemba hivi. Hata kuipandia kwenyewe ni tamasha: ukitokea Chimala kuna ile barabara ya kona 57 kuelekea Matamba. Ila ni juu, zaidi ya mita 2,500, baridi inauma na tope la Desemba halina huruma kwa wasio na gari lao. Na nionavyo mimi, yule mvulana saa nne asubuhi atasema maua ameshayaona.

Ningekuwa mimi, laki saba hiyo ningeishusha bonde la Rungwe: siku mbili Tukuyu, siku mbili Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Nimefundisha jiografia kwa vijana wa umri huo maisha yangu yote ya kazi, na nilichokiona ni kwamba wanachoka haraka sana na mahali pa kusimama na kutazama. Wape mahali panapotoa jasho, halafu wape mahali pa kulala mchana bila mtu kuwaamsha. Rungwe na Matema zinatoa vyote viwili, na zimepishana kwa mwendo wa saa chache tu.

Njia ni rahisi. Msiende Mbeya mjini. Pandeni basi la Mbeya, shukeni Uyole, pale njia panda ya kwenda Malawi. Kosta za Tukuyu na Kyela zinapita hapo hapo kutwa. Tukuyu gesti zipo nyingi na za bei ya kawaida. Chukueni vyumba vitatu, na hapa usibane hela. Msichana wa miaka 18 akilazwa kitanda kimoja na mdogo wake wa miaka 12, likizo imeharibika kabla haijaanza. Afadhali mle wali maharage siku mbili.

Asubuhi ya kwanza nendeni Ngosi. Hili ndilo jambo kubwa la safari nzima, kwa hiyo msilifanye siku ya mwisho mkiwa mmechoka. Ngosi ni ziwa lililokaa ndani ya kreta ya volkano, kwenye milima ya Poroto, upana wake kama kilomita mbili na nusu. Mnarudi na kosta ya Mbeya, mnamwambia konda awashushe njia ya Ngosi, mnachukua bodaboda mpaka mguu wa mlima, mnalipa kiingilio na mwongozaji, kisha mnapanda. Mnapita msituni, kwenye mianzi na migomba mwitu, njia inateleza, na kuna mahali mikono inafanya kazi ya miguu. Hamwoni maji hata kidogo mpaka mnatokeza ukingoni, na hapo ziwa liko chini kabisa, kijani, limezungukwa na kuta za msitu. Wazee wa huko wana hadithi za ziwa hilo kubadilika rangi na nguvu zilizomo ndani yake. Mwacheni mwongozaji asimulie mwenyewe. Baba yao asijaribu kusahihisha. Ondokeni saa moja asubuhi, maana mvua ya Tukuyu haina adabu na mchana hupenda kuja. Viatu viwe vya kukamata. Raba nyeupe alizonunuliwa mvulana kwa ajili ya mahafali zibaki nyumbani, hata akilia.

Mwambie pia binti yako kwamba mbele yake, upande wa pili wa bonde, kuna Mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960. Msitu wa mlima huo ndimo watafiti walimotambua kipunji mwaka 2003, nyani ambaye sayansi ilikuwa haimjui kabisa, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe. Mwanafunzi wa baiolojia akisikia hayo akiwa amesimama pale, atauliza maswali mwenyewe. Kumwona kipunji ni bahati nyingine, msimwahidi.

Siku ya pili amkeni wakati wowote. Daraja la Mungu na Kijungu, kwenye Mto Kiwira, ni za nusu siku: jiwe la volkano limejenga daraja juu ya mto bila fundi, na kule Kijungu mto unazama kwenye shimo la mwamba kama chungu. Ni pazuri, kunatosha, rudini mjini mle ndizi. Jioni hiyo wapeni wale wakubwa wawili saa tatu za kuzunguka mji wa Tukuyu peke yao. Ni mji mdogo, na watarudi na habari kuliko mngekuwa nao.

Kisha Matema. Mnateremka kwenda Kyela, mnapita mashamba ya chai, baadaye migomba, baadaye mpunga na kakao, na joto linaongezeka mpaka masweta yanavuliwa garini. Lami inaingia kupitia Ipinda. Matema kuna nyumba za wageni za kanisa la Kilutheri na nyingine za watu binafsi, na wenye mahema huruhusiwa sehemu zingine kwa bei ndogo zaidi. Pigeni simu mapema, wala msiende wiki ya Krismasi. Wiki ya pili ya Desemba shule zimefungwa, na mabasi bado hayajajaa watu wanaorudi kula sikukuu.

Ufuko ni wa mchanga, na Milima ya Livingstone inaangukia majini upande wa mashariki. Watoto wa nyanda za juu wengi hawajawahi kuogelea maji ya uvuguvugu. Hapo hutakuwa na kazi ya kuwatafutia burudani. Nina mambo mawili tu ya kukukazania. Waulizeni wenyeji wapi pa kuogea na mkae mbali na midomo ya mito, kwa sababu ya mamba. Na vyandarua vitumike kila usiku, maana nyinyi wa Makambako mmezoea baridi, na malaria ya Kyela si ya kuichezea. Mkibahatika kuwapo Jumamosi, kuna soko la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo, mwendo wa miguu kufuata ufuko. Vyungu vinatoka Ikombe kwa mitumbwi. Vijana wanaweza kukodi mtumbwi kwenda kuona vinavyofinyangwa, ila bila boya la kuvaa, hakuna safari. Kwenye hilo usisikilize mtu.

Hela sasa. Mimi ningegawa hivi: laki mbili na ishirini nauli na bodaboda, laki mbili na nusu malazi, laki na nusu chakula. Inabaki elfu themanini. Hiyo mkabidhi binti yako mkononi siku mnayoondoka, na umwambie ndiyo ya viingilio, waongozaji, mtumbwi na soda; ikiisha imeisha. Atapatana bei kuliko baba yake. Utaona pia mdogo wake anavyoacha kudai soda ya tatu pale anayeikataa akiwa dada yake.

Kwa bibi Mufindi mpitie Januari, siku mbili. Watakuwa na la kumsimulia.

*

SWALI: Mwalimu, nina vijana wawili wa kiume, 17 na 19, tuko Vwawa. Sina hela ya kulala nje, nataka siku moja tu. Nimewapeleka kwenye Kimondo, wakasema ni jiwe tu na walishaliona na shule. – Baba wa Vwawa.

JIBU: Ndugu yangu, hilo jiwe tu lina uzito wa tani zipatazo 16 na limetoka angani, lakini sitabishana na vijana kwa niaba yake. Kwa umri wao na mfuko wako, nakushauri mlima. Kilele cha Mbeya kinazidi mita 2,800, na kwenu kiko upande mzuri: mnakuja na basi mpaka Mbalizi, mnatafuta usafiri wa kuwasogeza, mnachukua kijana wa pale anayeijua njia, mnapanda na kushuka siku hiyo hiyo. Gharama ni nauli, mwongozaji, mkate na maji lita mbili kila mmoja. Subirini Juni. Shule zinafungwa, anga linakuwa safi na utaona Bonde la Usangu upande mmoja na Rungwe upande mwingine. Mbeya ya Juni ina baridi kweli, makoti yawepo. Na wewe panda nao. Ukibaki chini ukinywa chai Mbalizi watakukumbusha mpaka waoe.

*

SWALI: Shikamoo Mwalimu, mimi ni msichana wa miaka 17, nakaa Iringa mjini. Baba amesema mwaka huu hakuna safari, likizo ni hapa hapa. Rafiki zangu wako Dar. Nifanye nini Iringa wiki tatu? – Nimeboreka, Iringa.

JIBU: Marahaba, Nimeboreka. Wiki tatu siwezi kukujazia, siku tatu naweza.

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka mjini, barabara ya Mbeya. Magari yanayopita njia hiyo yatawashusha, kisha mnaingia kwa miguu. Kuna nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, ndefu kuliko nyumba, na zana za mawe za binadamu wa kale ambazo wataalamu walizifukua 1957 na 1958. Picha mtakazopiga kati ya zile nguzo, rafiki zako wa Dar watauliza ni nchi gani. Siku nyingine Kalenga, kwenye fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Najua ulipelekwa darasa la tano, mkapangwa mstari, mkapitishwa dakika kumi. Nenda sasa bila mstari, umuulize mhifadhi swali moja gumu: Wajerumani walilichukua kwa ajili gani? Siku ya tatu jioni, jiwe kubwa la Gangilonga, kabla jua halijazama, mkiwa kundi na si wawili.

Mwombe baba viingilio tu, nauli mchangishane. Muwe wanne au watano, mmoja wenu awe kaka wa mtu ili wazazi wasipate la kusema. Isimila mwende asubuhi na maji ya kutosha, bonde lile saa saba mchana halina kivuli cha maana.