Saa Mbili Niliyoiandika Vibaya: Ushauri kwa Wanaojaza Daftari la Mafuta Melini

Nilipokuwa mhandisi wa tatu katika meli moja ya mizigo iliyopiga safari zake kati ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, niliwahi kuandika kwa mkono wangu, kwa wino na kwa sahihi yangu chini yake, kwamba meli yetu ilisafisha na kumwaga maji ya ngama, yaani maji machafu yanayokusanyika chini kabisa ya chumba cha mitambo, usiku wa manane ilhali bado ilikuwa imefungwa gatini Kilindini. Halikuwa jambo la kweli, wala sikuwa nimekusudia kudanganya mtu. Lakini maandishi yale yalikaa ndani ya daftari rasmi kwa wiki tatu bila mtu yeyote kuyashtukia, mpaka siku mkaguzi wa bandari alipopanda meli, akaomba vitabu, na akaweka daftari la mafuta, ambamo huandikwa kila kazi inayohusu mafuta na maji yenye mafuta, kando ya daftari la safari.

Ilikuwa hivi. Tulifungua kamba saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Tulipofika bahari kuu, mhandisi wa pili, ambaye zamu ilikuwa yake, alimwambia oyela, baharia anayehudumia mitambo, awashe sepereta, ile mashine ya kutenganisha mafuta na maji, ili tangi la ngama lipungue. Kazi ilifanyika vizuri. Oyela, mzee wa Tanga aliyekuwa baharini kabla mimi sijazaliwa, alipiga simu chumba cha usukani akaulizia mahali meli ilipokuwa wakati wa kuanza na wakati wa kumaliza, akaandika kila kitu kwenye kikaratasi: vipimo vya tangi kabla na baada, latitudo na longitudo, na maneno "saa 2 mpaka saa 4". Mhandisi wa pili alikuwa amezama katika jenereta iliyokuwa ikisumbua, kwa hiyo mchana nilipopokea zamu akanipa kile kikaratasi akaniomba nimwandikie. Nikaandika 0200 mpaka 0400.

Msomaji wa pwani ameshaelewa kosa liko wapi. Kwa Mswahili saa mbili ya mchana ni saa mbili baada ya jua kuchomoza, na oyela alimaanisha 0800. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Mombasa, nyumbani sijawahi kuiita saa mbili kwa jina jingine, lakini daftari la mafuta lazima liandikwe walau kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania, na akili iliyochoka ikishaanza kuandika Kiingereza husoma tarakimu kama zilivyo. Mbaya zaidi, nilinakili pia latitudo na longitudo za baharini. Kwa hiyo mbele ya mkaguzi, daftari la mafuta lilidai kwamba saa nane za usiku tulikuwa baharini, na daftari la safari lilisema tulikuwa gatini. Aliinua macho akamwuliza chifu, yaani mhandisi mkuu wetu, kwa upole, "Hapa mlikuwa wapi hasa?" Mahali palipoandikwa pakaonekana kama uongo wa pili uliotungwa kuficha wa kwanza.

Kilichotuokoa ni kumbukumbu ya kipimo kilichofungwa kwenye sepereta, kinachopima mafuta yaliyobaki ndani ya maji yanayomwagwa. Vipimo vya aina mpya vinatakiwa kuhifadhi taarifa zao kwa miezi 18 au zaidi: tarehe, saa, hali ya kengele, na kama mashine ilikuwa ikifanya kazi. Chifu alifungua kumbukumbu hiyo, nayo ikaonyesha kazi ilianza saa 0500 na kuisha 0700. Kwa dakika moja nzima nilidhani tumeongeza tatizo la tatu, mpaka chifu akakumbuka kwamba kipimo kile kilisetiwa kwa saa ya Greenwich, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. 0500 ya Greenwich ni 0800 ya Mombasa, na 0800 ni saa mbili ya yule mzee. Mkaguzi aliridhika, akatuandikia dosari ya utunzaji wa kumbukumbu, na akatuachilia baada ya kutukawiza karibu nusu siku. Kama kipimo kingekuwa cha zamani kisicho na kumbukumbu, sijui tungemwonyesha nini.

Tangu siku ile nimeshughulika na madaftari haya kwa miaka mingi, kwanza kama mhandisi wa pili, baadaye kama chifu, na sasa nikiwa nchi kavu ninawasaidia wenye meli kujiandaa kwa ukaguzi. Vijana wanaomaliza masomo huniuliza sana kuhusu faini na adhabu, lakini wachache huniuliza namna ya kuandika. Ndiyo maana nimeamua kuandika haya.

Daftari la mafuta linatokana na Kiambatisho cha kwanza cha mkataba wa MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, wa mwaka 1973 uliorekebishwa mwaka 1978. Kila meli yenye ujazo jumla wa tani 400 au zaidi hubeba sehemu ya kwanza ya daftari, inayohusu chumba cha mitambo. Meli za kubeba mafuta zenye tani 150 na zaidi hubeba pia sehemu ya pili inayohusu shehena na maji ya farumi, yaani maji yanayopakiwa ili meli itulie. Kila kazi ina herufi yake, kuanzia A hadi I: C ni tope la mafuta, D ni maji ya ngama yanayoshughulikiwa kwa kuwasha mashine kwa mkono, F ni hitilafu ya mashine ya kuchuja, G ni umwagikaji wa bahati mbaya, H ni kupokea mafuta. Afisa aliyesimamia kazi hutia sahihi chini ya kila kazi iliyokamilika, nahodha hutia sahihi kila ukurasa ukijaa, na daftari hukaa melini miaka mitatu baada ya maandishi ya mwisho.

Neno la kushika hapo ni "afisa aliyesimamia kazi". Mimi nilitia sahihi kazi ambayo sikuiona, na hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko lile la saa. Kama mhandisi wa pili angeandika mwenyewe, asingeweza kuandika 0200, kwa sababu alijua kwamba wakati wa kazi jua lilikuwa juu. Mwenzako akikuomba umwandikie, mwandalie rasimu kwenye karatasi ukipenda, lakini sahihi na iwe yake. Na wewe ukiwa chifu, usikubali tabia ya daftari kujazwa mwisho wa wiki na mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri. Maandishi ya wiki nzima yaliyoandikwa kwa kalamu moja, kwa mkao mmoja wa herufi, mkaguzi mzoefu huyatambua kabla hajasoma neno.

Baada ya sahihi, mkaguzi anaingia kwenye hesabu, na huko ndiko meli nyingi safi zinakoumbuka. Tuseme sepereta yenu ina uwezo wa mita moja ya ujazo kwa saa, na daftari linasema mlisafisha mita tatu kwa saa mbili. Haiwezekani, na hakuna maelezo yatakayoifanya iwezekane. Au tanuri la kuchomea tope linachoma lita 40 kwa saa, liliwaka saa kumi, na mmeandika kwamba lilichoma mita 1.2 za ujazo. Kwa saa kumi tanuri hilo lingemaliza lita 400 tu, kwa hiyo mkaguzi atauliza zile lita 800 zilikwenda wapi. Mara nyingi hazikwenda popote: mtu alipima tangi baada ya maji kutuama chini na kuyatoa maji hayo kwenda tangi la ngama, lakini hakuandika kwamba aliyatoa. Maji yakihama kutoka tangi moja kwenda jingine, andika uhamisho huo, kiasi kilichotoka na kiasi kilichobaki, hata kama ni kidogo.

Tope nalo lina kiwango chake cha kutarajiwa. Kwa meli inayochuja mafuta mazito, watu wa fani hii hukisia kati ya asilimia 1 na 1.5 ya mafuta yanayotumika. Meli inayotumia tani 12 kwa siku itategemewa kukusanya kilo 120 hadi 180 kwa siku, yaani tani 3.6 hadi 5.4 kwa mwezi. Daftari likionyesha nusu tani kwa mwezi mzima, mkaguzi hatawapongeza kwa usafi, bali atashuka chini na tochi kutafuta bomba la kumwagia tope baharini kwa siri, lililofunguliwa skrubu zake karibuni, lenye rangi iliyochubuka kwenye kiungo. Inawezekana mafuta yenu ni mepesi na tope ni dogo kweli. Basi wekeni rekodi za mashine za kuchuja mafuta tayari ili mwonyeshe sababu.

Vipimo vya kila wiki vya tangi la tope havitakiwi kukisiwa. Pima kwa utepe, na usome jedwali la tangi kulingana na jinsi meli ilivyokaa, kwa kuwa meli iliyolalia tezi, yaani upande wa nyuma, hutoa kipimo tofauti na meli iliyokaa sawa. Nimeona tangi "likiongezeka" robo mita ya ujazo kati ya bandari mbili bila tope lolote kuingia, kwa sababu tu shehena ya mbele ilishushwa. Ukiwa na mashaka, pima mara mbili na uandike kipimo ulichokipata, hata kama hakilingani na cha wiki iliyopita. Kulazimisha tarakimu zipande kwa ngazi zilizo sawasawa kila Jumapili ni njia ya hakika ya kuzua maswali.

Ukikosea, fanya kama tulivyofanya siku ile mbele ya mkaguzi. Piga mstari mmoja juu ya maandishi yenye kosa, yaendelee kusomeka, tia sahihi na tarehe, kisha andika maandishi sahihi yanayofuata. Wino mweupe hauna nafasi katika daftari hili, wala wembe, wala kuchana ukurasa, maana kurasa zina namba. Mmoja wetu siku ile alipendekeza kwa sauti ya chini kwamba tuseme daftari limemwagikiwa chai. Chifu alimtazama tu. Kama kazi ilisahauliwa kabisa na mmekumbuka baada ya siku kadhaa, usiibane kwenye nafasi ndogo kati ya mistari. Iandike pale ulipofika, chini ya herufi I, ukieleza wazi kwamba ni kazi ya tarehe fulani iliyosahauliwa kuandikwa.

Hayo yote nimeyasema nikimchukulia msomaji kuwa mtu mwaminifu. Lakini zipo meli ambamo kijana huambiwa aandike kisichofanyika. Mfano unaojulikana zaidi ni wa meli ya abiria Caribbean Princess, ambayo mwaka 2013 mhandisi aliyeajiriwa karibuni aligundua ina bomba la siri la kupitisha maji machafu bila kuchujwa. Aliacha kazi meli ilipofika Southampton na akatoa taarifa. Mwaka 2016 kampuni ya Princess Cruises ilikubali makosa na kulipa dola milioni 40. Nchini Marekani, kuwasilisha bandarini daftari la uongo ni kosa la jinai lenyewe, hata kama mafuta yalimwagwa mbali na maji yao, na anayetoa taarifa anaweza kupewa hadi nusu ya faini. Kwa kijana anayeshinikizwa, nasema hivi: usitie sahihi, tunza nakala ya ulichoagizwa, na mweleze afisa wa usalama wa kampuni aliye nchi kavu, maana jina lake na simu yake hubandikwa melini kwa ajili ya mambo kama hayo. Zipo kampuni ambako simu hiyo haipokewi, nami niliwahi kufanya kazi katika mojawapo. Hapo bado kuna mkaguzi wa bandari inayofuata.

Madaftari mengine nitayapitia upesi. Daftari la taka hukaa melini miaka miwili, na tangu Mei 2024 linazihusu meli zote kuanzia tani 100. Kosa la kila siku humo ni kuandika plastiki "imechomwa" katika meli isiyo na tanuri. Hati ya kupokea mafuta hutunzwa miaka mitatu, na chupa ya sampuli iliyofungwa lakiri hutunzwa mpaka mafuta yamekwisha kwa sehemu kubwa, na kwa vyovyote isipungue miezi 12. Soma kiwango cha salfa kwenye hati kabla ya kutia sahihi, kisizidi asilimia 0.50, na kama hati ina kasoro andika barua ya malalamiko palepale. Maji ya farumi yana daftari lake tangu mkataba wake uanze kutumika Septemba 2017. Na meli za tani 5,000 na zaidi hukusanya takwimu za matumizi ya mafuta za mwaka mzima na kuziwasilisha ndani ya miezi mitatu baada ya mwaka kwisha. Tarakimu hizo husomwa pamoja na hati za kupokea mafuta na herufi H ya daftari letu, kwa hiyo mafuta yaliyopokewa, yaliyotumika na yaliyobaki lazima yakubaliane.

Tuliporudi baharini baada ya ukaguzi ule, chifu alibandika karatasi mbili karibu na sepereta. Moja ilionyesha saa ya meli na saa ya Greenwich zikiwa zimepangwa pamoja. Ya pili ilikuwa fomu ndogo ya oyela, yenye nafasi ya tarehe, vipimo, mahali, na saa kwa tarakimu nne. Mzee wa Tanga aliijaza kama alivyoagizwa mpaka alipostaafu, lakini pembeni ya 0800 hakuacha kuandika, kwa mwandiko wake wa kulala, "yaani saa mbili asubuhi".