Mume wangu anapima kila kitu, nimechoka

*Shangazi, mume wangu ni mzito wa kuamua. Nilipata kiwanja, nilipokiona tu moyo ukaniambia ndicho. Yeye akaomba wiki mbili akague hati na kuwauliza majirani. Kikachukuliwa na mwingine. Moyo wangu haujawahi kunidanganya, ukiacha lile gari la mwaka jana. Hata mtoto akiugua, mimi hujua kabla ya kipimajoto. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako! Nilimwambia ni mwoga, mbele ya dada yangu, na sasa nawaza kurudi kwetu. – Niliyechoka*

Pole kwa kukikosa kiwanja, mwanangu. Pole yangu inaishia hapo.

"Ukiacha lile gari." Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama hapo. Lilinunuliwa kwa fedha za nani? Fundi alilipwa na nani? Hukusema. Nadhani ni huyo huyo unayemwita mwoga.

Jibu hili upesi: daftari na kalamu kwa pamoja ni 110, na daftari limeizidi kalamu kwa 100. Kalamu ni bei gani? Moyo umesema 10. Basi daftari lingekuwa 110 na jumla 120. Kalamu ni 5. Mtafiti Shane Frederick alichapisha swali la namna hii mwaka 2005, na wanafunzi wengi wa vyuo vikubwa vya Marekani walijikwaa papo hapo. Hawakuwa wajinga. Jibu la kwanza lilikuja tamu, wakaona hakuna haja ya kulikagua.

Kuhusu mtoto nakuamini kabisa. Umemlea usiku na mchana, umekosea, umerekebishwa, na majibu ulikuwa ukiyapata siku ile ile. Moyo wako umesomeshwa. Gary Klein, aliyewachunguza makamanda wa zimamoto, na Daniel Kahneman, mshindi wa Nobel ya uchumi mwaka 2002, walianza wakipingana juu ya hisia za haraka. Mwaka 2009 wakaandika pamoja kwamba hisia ni za kuaminiwa pale tu mambo yanapokwenda kwa utaratibu unaotabirika na mtu akawa amejifunza kwa kurudia na kusahihishwa. Wewe umenunua viwanja vingapi maishani? Moyo uliokuambia "ndicho" ulijifunzia wapi?

Na methali yako umeitupa pasipo pake. Inamhusu anayekaa tu. Mumeo alikuwa anauliza majirani! Tena hujaniambia kama hati zilikuwa safi.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Tunaolewa na mtu kwa sababu ametulia, kisha tunamchukia kwa utulivu ule ule. Anayeuliza anaonekana hapendi, anayesema "ndiyo" papo hapo ndiye mume. Nimewaona hao wa "ndiyo" wakiwaacha wake zao na madeni.

Hata hivyo, kupima kusikokuwa na mwisho si busara, na hapo una haki. Mwaka 1772 Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, alimwandikia rafiki yake namna ya kuamua: gawa karatasi safu mbili, sababu za kukubali na sababu za kukataa, ziandike kwa siku tatu nne, kisha futa zinazolingana uzito. Fanyeni hivyo wawili, mkiwa mmekubaliana siku ya kuamua. Hisia zako nazo ziandikwe. Ni sababu kama nyingine.

Kurudi kwenu sahau. Leo jioni muulize alichoambiwa na majirani wale, umsikilize mpaka mwisho. Kisha umwombe radhi kwa lile neno "mwoga", na dada yako awepo.