Fundi anajibu: breki ya pikapu ya zamani inapokuwa laini

Nimekusanya maswali yanayofanana, mengi ya Hilux za miaka ya tisini zenye diski mbele na dramu nyuma. Kabla ya yote, kagua upande wa ndani wa matairi yote manne na chini ya masta silinda (pampu ya oili ya breki inayosukumwa na pedali). Ukiona oili ya breki inavuja, gari lisitembee hata kufika gereji. Mlete fundi hapo lilipo.

Nikikanyaga mara ya kwanza pedali inaenda chini, nikipampu mara mbili tatu inapanda. Nimeambiwa ninunue masta silinda. Ninunue? (Makambako)

Usinunue bado. Mara nyingi, pedali inayopanda kwa kupampu ina hewa kwenye mabomba, au shuu za nyuma (zinazobana dramu kwa ndani) zimekaa mbali na dramu. Ikishapanda, isikilize kwa mguu. Ikibonyea kama sponji, hiyo ni hewa. Ikiwa ngumu kabisa, ila inaanzia chini kila unapoacha kupampu, tatizo ni ajasta za nyuma (vinyota vya kusogeza shuu karibu na dramu). Pikapu zinazopita kwenye tope kila msimu hukwama ajasta kwa kutu, na shuu zikilika hakuna kinachozisogeza.

Kurekebisha si kazi kubwa. Weka kabari matairi ya mbele, inua nyuma na uegemeze kwenye stendi, achia handibreki. Toa kizibo cha raba nyuma ya dramu, zungusha kinyota kwa bisibisi bapa mpaka tairi likwame, kisha rudisha meno machache mpaka lizunguke huku ukisikia shuu inagusa kidogo tu. Fanya na upande wa pili.

Masta mbovu ina dalili yake. Gari likiwa limesimama na injini inawaka, kanyaga kwa nguvu ya kawaida na ushikilie nusu dakika. Pedali ikizama taratibu na hakuna oili inayovuja popote, raba za ndani ya masta zimechoka. Hapo nunua.

Tumetoa hewa kwenye breki za magurudumu yote na bado pedali ni laini. Tumekosea wapi? (Mpanda)

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa gari la usukani wa kulia: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Msaidizi akanyage na kushikilia, wewe fungua nipeli (skrubu ya kutolea hewa), funga, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi ndani. Kopo la oili lililo juu ya masta nalo lisikauke.

Sasa ingia chini, uangalie karibu na ekseli ya nyuma. Kuna valvu yenye fito iliyoungwa na ekseli, inayopima mzigo na kugawa nguvu ya breki za nyuma. Nyingi zina nipeli yake, na ndiyo inayosahaulika kila siku. (Mlioongeza majani ya springi, fito hiyo irekebishwe pia: bodi ikipanda, valvu inadhani gari ni tupu na kuzipunguzia breki za nyuma nguvu.)

Kama kalipa (vibanio vya diski za mbele) zilifunguliwa karibuni, hakikisha nipeli zimekaa juu. Zikibadilishwa kushoto kwenda kulia nipeli inakuwa chini, na hewa haitatoka hata mkeshe.

Jambo moja naliomba sana: weka kipande cha mbao chini ya pedali wakati wa kupampu. Masta ya zamani ina kutu sehemu ambayo pistoni haifiki kila siku. Ukiigandamiza mpaka sakafuni, raba zinachanika.

Nilishuka mteremko wa Kitonga na mzigo wa mbao, pedali ikaenda chini. Baada ya kupoa ikarudi. (Iringa)

Oili ilichemka. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kadiri inavyozeeka inachemka mapema. Oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya huvumilia angalau nyuzi joto 205, ikishanyonya maji kiwango chake ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mvuke unabanwa, oili haibanwi, ndiyo maana mguu ulizama. Badilisha yote, na uirudie kila miaka miwili. Na ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, injini ishike mzigo.

Oili ya breki ikiisha njiani, naweza kuongeza ya pawa steringi? (Sumbawanga)

Hapana. Huvimbisha raba zote, kuanzia masta hadi silinda za magurudumu, na utazibadilisha zote.

Nikiwasha injini huku nimekanyaga, pedali inashuka kidogo. Ni ubovu? (Njombe)

Ni busta (kifaa kinachoongezea mguu nguvu kwa vakyumu) inafanya kazi. Isiposhuka kabisa na ikabaki ngumu, angalia mpira wa vakyumu, na kwa injini za dizeli za Toyota zinazoitwa 2L na 3L (ni majina, si lita), pampu ya vakyumu iliyo nyuma ya oltaneta.