Kabla hujabonyeza kitufe cha kuacha kozi

SWALI: Dada, shikamoo. Niko Boston, muhula wa pili na wa mwisho wa LL.M. (shahada ya uzamili ya sheria). Muhula uliopita nilipata krediti 12, sasa nimejisajili nyingine 12, na chuo kinadai 24. Tangu wiki ya tatu mgongo umenikamata, kukaa darasani saa mbili ni mateso. Nina barua ya mtaalamu wa fiziotherapia. Mfumo wa usajili bado unaniruhusu kuacha kozi moja ya krediti 3, nami nafikiri niimalizie kiangazi kwa mtandao nikiwa nyumbani Morogoro. Nia yangu ni kufanya mtihani wa uwakili wa New York. Kuna ubaya? – Msomaji mwenye visa ya mwanafunzi, F-1

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Tafadhali usikiguse hicho kitufe.

Mimi nilikigusa. Nilikuwa maktaba, saa tano usiku, nikaacha kozi ya kodi kwa kuwa kurasa za kusoma zilinizidi. Kwa msajili nilikuwa nimeambiwa hakuna tatizo, na kwa upande wake kweli halikuwepo. Siku ya tatu ofisa wa wanafunzi wa kigeni akaniita, akaiweka mezani I-20 yangu, ile fomu ya chuo inayoambatana na visa ya mwanafunzi, akauliza: nani alikupa kibali? Sikuwa na jibu. Bahati muda wa kubadili kozi ulikuwa haujafungwa, nikarudishwa darasani jioni hiyohiyo. Hadi leo nikikumbuka ile karatasi pale mezani, tumbo linanikata.

Wewe una wakubwa watatu, na hakuna anayemwulizia mwenzake: chuo, uhamiaji, na mahakama ya New York inayoweka masharti ya mtihani wa uwakili.

Uhamiaji kwanza. Kwa shahada ya kwanza kanuni zinataja krediti 12 kwa muhula. Kwa ninyi wa uzamili chuo ndicho kinachosema mzigo kamili ni upi. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni liwe: nikibaki na 9, bado nahesabiwa mwanafunzi kamili? Akisema hapana, unahitaji kibali chake kabla ya kuacha kozi. Ugonjwa ni sababu inayokubalika, lakini barua yako haitoshi. Inatakiwa itoke kwa daktari mwenye leseni (au mwanasaikolojia wa tiba, kwa maradhi ya aina hiyo). Mtaalamu wa fiziotherapia hayumo. Panga miadi ya daktari wiki hii. Kibali cha ugonjwa hutolewa muhula kwa muhula, na jumla yake haizidi miezi 12 kwa ngazi moja ya masomo.

Kuna wanaokwambia muhula wa mwisho mtu anaruhusiwa kozi chache. Ni kweli, ila ni kwa yule ambaye kozi hizo chache ndizo zinazommalizia shahada. Wewe ukibaki na 9 unakuwa na 21, bado unadaiwa 3, kwa hiyo huo si muhula wako wa mwisho tena.

Sasa Morogoro. Hapo ndipo ukaazi unapoingia: vyuo vingi hutaka mwanafunzi wa LL.M. awepo chuoni mihula yote miwili. Hata chuo chako kikikubali kozi ya mtandao, New York haiikubali. Inataka krediti zote 24 zisomwe ana kwa ana kwenye kampasi iliyoko Marekani, ndani ya miezi 24 tangu uanze. Nimeona watu wenye shahada nzuri wakikwama hapa, na inauma, maana hakuna aliyewaambia mapema.

Lakini mlango upo. New York inaruhusu hadi krediti 4 za kiangazi, na zako ni 3. Ukipata kozi ya kiangazi kampasini, mwombe ofisa akuongezee muda kwa sababu ya ugonjwa kabla tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye I-20 haijapita. Angalia pia kozi unayotaka kuiacha isiwe ile ya maadili ya uwakili au ya utafiti na uandishi wa kisheria. New York inadai krediti 2 kwa kila moja.

Ukimwona daktari, mwombe aandike idadi ya kozi unazoweza kuzimudu. Mpaka kibali kifike kwa maandishi, endelea kuhudhuria kozi hiyo, hata kama ni kwa kusimama nyuma ya darasa. Mwambie mhadhiri sababu.