Maswali ya Wasomaji: Je, Peugeot 404 isiyo na injini wala giaboksi inaweza kuvutwa kutoka Moshi hadi Arusha?

SWALI: Marehemu baba alituachia Peugeot 404 ya saluni ambayo imesimama uani kwetu, Shanty Town, Moshi, kwa miaka mingi. Fundi kutoka Arusha alikuja akashusha injini na giaboksi, akatangulia navyo kwenye gereji yake iliyopo Unga Limited, na sasa anataka tumpelekee bodi. Shemeji yangu ana Hilux. Anasema kwa kuwa giaboksi haimo, hakuna kitakachoharibika, kwa hiyo tulivute kwa chuma cha kuvutia likitembea kwa magurudumu yake yote manne. Mama ana wasiwasi. Naomba ushauri wenu. (Msomaji, Moshi)

JIBU: Poleni kwa kuondokewa na mzee, na hongereni kwa kuamua kulifufua gari lake badala ya kuwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu. Jibu letu ni kwamba msilivute. Libebeni juu ya lori. Tutaeleza sababu kwa kirefu, kwa maana hoja ya shemeji yako ina ukweli ndani yake, na ni ukweli huo unaoweza kuwaponza.

Gari la kawaida linapovutwa likiwa chini kwa magurudumu yote, magurudumu ya nyuma huzungusha difu (gia zilizo katikati ya mhimili wa nyuma), difu huzungusha propela (chuma kirefu kinachounganisha giaboksi na difu), na propela huzungusha shafti ya nyuma ya giaboksi. Katika giaboksi nyingi za zamani oili hurushwa na gia za chini ambazo huzunguka injini inapofanya kazi, kwa hiyo gari likivutwa mwendo mrefu injini ikiwa imezimwa, beringi za juu hukosa oili na huweza kuungua. Hiyo ndiyo sababu mafundi wazoefu huagiza propela ifunguliwe kabla ya gari kuvutwa. Kwenu hatari hiyo haipo, kwa kuwa giaboksi yenyewe iko Unga Limited, na hapo shemeji yako yuko sahihi kabisa. Swali alilolisahau ni giaboksi hiyo ilikuwa inashikilia nini.

Katika magari mengi ya umri huo, propela huning'inia wazi chini ya sakafu, na mhimili wa nyuma hushikiliwa na springi za majani au na mikono yake. Peugeot 404 haikuundwa hivyo. Propela yake imo ndani ya bomba nene la chuma ambalo nyuma limeungwa na difu na mbele limeungwa na giaboksi. Bomba hilo halikuwekwa ili kuikinga propela na vumbi tu. Springi za nyuma za saluni ni za kujiviringisha, zinazoweza kubeba uzito lakini haziwezi kuuzuia mhimili usisogee mbele na nyuma, wala usijipindue dereva anapokanyaga breki. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanywa na bomba, nalo hulipeleka shinikizo lote kwenye giaboksi, na kutoka hapo kwenye vishikizo vyake vilivyofungwa kwenye bodi. Fundi wenu alipoishusha giaboksi, aliondoa pia kinachoushikilia mhimili wa nyuma.

Ingia chini ya gari ukiwa na tochi, baada ya kuliinua na kuliwekea stendi imara, na uangalie mwisho wa mbele wa bomba. Huenda fundi alilifunga kwa kamba au waya kwenye sakafu, au aliliacha limeegemea kipande cha mbao. Gari likisimama uani, hilo halina neno. Likivutwa barabarani, magurudumu yatazungusha difu na difu itaizungusha propela ambayo mbele haishikiliwi na kitu, huku mhimili mzima ukisukumwa nyuma katika kila tuta na ukitaka kujipindua kila breki inapokanyagwa. Waya ule ukikatika, ncha ya bomba itashuka hadi kwenye lami gari likiwa mwendoni, na matokeo yake hatuhitaji kuyaeleza.

Barabara yenyewe pia haiwasaidii. Kutoka Moshi hadi Arusha ni takriban kilomita 80, na Moshi haifiki mita 1,000 juu ya usawa wa bahari ilhali Arusha iko karibu na mita 1,400, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari ni kupanda. Hata hivyo, kabla hamjafika Boma Ng'ombe mtateremka kwenye daraja la Mto Kikafu. Kwenye mteremko, gari linalovutwa kwa chuma husukuma lile lililo mbele, na likivutwa kwa mnyororo huligonga kabisa iwapo aliyeshika usukani hakuwahi breki. Baada ya hapo kuna matuta na vivuko vya watembea kwa miguu Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River na Tengeru, pamoja na bodaboda zinazopenya kati ya magari. Dereva wa bodaboda akiona nafasi kati ya Hilux na Peugeot hawezi kujua kwa haraka kwamba katikati kuna chuma au mnyororo.

Tuongeze la mbele. Injini na giaboksi vikiondoka, springi za mbele hunyanyuka, magurudumu hubadili ulalo wake, na tairi hubaki na uzito mdogo wa kuzishikilia ardhini, hivyo usukani hupoteza ile tabia ya kujirudisha wenyewe katikati. Wapo wanaoshauri kujaza mifuko ya mchanga mahali pa injini. Mifuko isiyofungwa imara huhama kwenye kona, na hata ikifungwa vizuri haitibu tatizo la nyuma, ambalo ndilo kubwa. Kumbukeni pia kwamba gari hili halina chasisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na baada ya miaka mingi ya mvua za Moshi kutu huweza kuwa imekula sehemu ambazo mngetaka kufungia chuma cha kuvutia. Bampa isitumike kabisa kwa kazi hiyo.

Sasa namna ya kulibeba. Bila injini na giaboksi, gari hili halifiki tani moja, kwa hiyo lori dogo la Canter lenye kitanda kirefu cha kutosha litalimudu, na gari maalumu la kubebea magari lenye winchi ni bora zaidi. Kabla halijasogezwa hata hatua moja, fundi afunge chuma cha kukingama kwa boliti kwenye matundu yaleyale yaliyoshika giaboksi, kisha ncha ya bomba ikalishwe juu yake na ifungwe kwa mkanda imara ili isishuke, isipande wala isirudi nyuma. Msikubali achomelee, matundu hayo yatahitajika tena. Gia ya 404 iko kwenye usukani, hivyo vyuma vyake vya kubadilishia gia vinaning'inia mahali pa injini na vinapaswa kufungwa juu, mbali na magurudumu na usukani.

Kisha pandisheni kila gurudumu kwa jeki na mlizungushe kwa mkono. Mtu mmoja akanyage breki na mwingine atazame kama gurudumu linasimama, na muhimu zaidi, kama linaachia pedali inapoachiwa. Breki zilizokaa miaka mingi hupenda kuganda, na gari lililoganda gurudumu moja likiwa katikati ya ngazi za kupandia lorini ni balaa. Lisogezwe kwa kusukumwa na watu, kwa mwendo wa miguu, na mtu mmoja awe kwenye usukani. Kama mtatumia ukingo wa ardhi badala ya winchi, kama wengi wanavyofanya, chagueni ukingo ulio sawa na kitanda cha lori kwa kimo, kwa kuwa daraja la mbao lenye mteremko mkali litaisugua ncha ya bomba.

Likishapanda, wekeni vigingi mbele na nyuma ya kila gurudumu, na mikanda ifungwe kwenye magurudumu yenyewe. Mkanda uliofungwa kwenye bodi peke yake hulegea kila springi zinapocheza. Simamisheni Boma Ng'ombe mkague mikanda, kisha tena Usa River.

Gharama ya lori inaweza kuonekana kubwa ukilinganisha na dizeli ya Hilux, lakini gari hili linastahili. Peugeot 404 ilianza kuuzwa mwaka 1960, ikashinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania. Zilizobaki nchini zikiwa na bodi nzima ni chache, na tungesikitika sana kusikia moja imeishia kwenye korongo la Kikafu.

SWALI: Nina Land Rover ya zamani, ile ya springi za majani, ambayo nayo imetolewa injini na giaboksi. Nataka kuihamisha kutoka Usa River hadi Tengeru. Je, nayo haifai kuvutwa? (Msomaji, Usa River)

JIBU: Yako ina unafuu, kwa sababu mihimili yake yote miwili inashikiliwa na springi za majani zilizofungwa kwenye chasisi, na haitegemei giaboksi. Kwa umbali huo mfupi inaweza kuvutwa taratibu, mchana, kwa chuma kilichofungwa kwenye chasisi na gari zito kuliko yenyewe, baada ya kuzungumza na askari wa usalama barabarani wa eneo lenu na kampuni ya bima ya gari litakalovuta. Fungua propela zote mbili kwenye difu na uzitoe kabisa. Funga taa za breki na indiketa za muda nyuma, zikiunganishwa na gari la mbele.

Kuna mambo mawili ambayo wenye Land Rover husahau. Kwanza, ili giaboksi itoke, sakafu na sanduku la viti hufunguliwa, kwa hiyo atakayeshika usukani hana mahali pa kukaa. Rudisha sanduku hilo na kiti, ukaze boliti zote. Asikalie ndoo wala kreti. Pili, handibreki ya gari hilo haishiki magurudumu, bali inashika dramu iliyo nyuma ya giaboksi, na imeondoka pamoja nayo. Huna gia ya kulizuia wala handibreki, umebaki na breki ya mguu tu, ambayo lazima iwe imejazwa mafuta mapya na kujaribiwa uani. Mkifika Tengeru, wekeni mawe au vigingi kwenye magurudumu kwanza, ndipo mfungue chuma cha kuvutia.