Kahawa ya maziwa na afya yako: maswali yenu nimeyajibu

Maswali mengi yaliyoingia safari hii ni ya kahawa ya maziwa, basi twende nayo.

Nikinywa kahawa ya maziwa tumbo linajaa gesi, muda si mrefu nakimbilia chooni. Nina ugonjwa?

Pole ndugu yangu. Mi nashuku laktosi, ile sukari ya asili iliyomo kwenye maziwa. Watu wazima wengi sana duniani mwili unapunguza kile kimeng'enya cha kuivunja wakishakua, kwa hiyo inafika utumbo mpana ikiwa vilevile, bakteria wanaichachusha hukohuko, ndo unapata gesi na kuharisha, na kahawa yenyewe nayo inausukuma utumbo kwa hiyo vinakutana viwili. Jaribu siku kadhaa bila maziwa, halafu siku kadhaa na maziwa yaliyotolewa laktosi au ya soya, tumbo lenyewe litakuambia. Ila ukivimba midomo, ukiwashwa mwili au kubanwa pumzi, hiyo sio laktosi tena, huo ni mzio, acha maziwa kabisa na uwahi hospitali.

Eti maziwa yanaua faida za kahawa?

Hapana, usiache kwa sababu hiyo. Wanaosema hivyo wanazungumzia polifenoli, kemikali za kahawa zinazosaidia kupunguza uvimbe mwilini (ule wa mwili kujikinga na vijidudu au jeraha), ambazo kweli zinashikana na protini za maziwa. Lakini mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen kule Denmark walichanganya polifenoli na asidi amino, yaani vile vipande vinavyojenga protini, wakaona seli za kinga zinapambana na uvimbe mara mbili zaidi kuliko zilizopewa polifenoli peke yake. Zilikuwa seli za maabara tu, sio watu, so usianze kuinywa kama dawa.

Maziwa yanapunguza kafeini? Nakosa usingizi.

Hayapunguzi. Kafeini ni ileile, na kwa wengi inachukua kama saa 5 nusu yake kuisha mwilini. Acha kunywa jioni.

Nina mimba, niliambiwa damu iko chini. Nakunywa kahawa ya maziwa na chakula, na vidonge vya kuongeza damu nameza nayo. Vibaya?

Dada, hili nakuomba ulibadilishe leo. Polifenoli za kahawa zinayashika madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, na kalsiamu ya maziwa nayo inayazuia, yani unameza dawa halafu hapohapo unaipunguzia nguvu. Kidonge meza na maji, kahawa iache mpaka zipite kama saa mbili, na usiiweke karibu na mlo. Pia usizidi miligramu 200 za kafeini kwa siku, kama vikombe viwili vidogo, maana ukiwa mjamzito kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Vidonge usiache, na kliniki waambie unakunywa kahawa.

Kahawa ya maziwa inanenepesha? Nakunywa vikombe 4, kila kimoja sukari vijiko 3.

Kwako wewe mi nina wasiwasi na hiyo sukari kuliko maziwa. Kijiko cha chai ni kama gramu 4, kwa hiyo vijiko 12 ni gramu 48, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike hata gramu 50 kwa siku nzima, ikiwezekana abaki chini ya 25, hapo hujala kitu kingine chochote kitamu. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea wenyewe.

Nakunywa ikiwa imetoka jikoni tu, ina shida?

Iache ipoe kidogo. Vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 vinahusishwa na saratani ya koo la chakula, iwe kahawa, chai au maji matupu.