Maswali na Majibu: Atlantic na Bildi Isiyotupwa

Maswali mengi yanahusu Atlantic, meli ya mvuke ya kampuni ya White Star iliyogonga mwamba karibu na Lower Prospect, Nova Scotia, Kanada, tarehe 1 Aprili 1873.

Ilizama kwa kuishiwa makaa?
Hapana. Makaa yaliigeuza njia tu. Fundi mkuu aliripoti zimebaki tani 127, na New York ilikuwa bado maili 460. Bandari ya Halifax, maili 170. Nahodha James Williams akaelekeza meli Halifax, na hapo hana kosa. Kosa ni la usiku: alijipumzisha chumba cha ramani, akaagiza aamshwe saa 9. Meli ilikuwa imeshapotea magharibi ya hesabu yake, mnara wa taa wa Sambro, karibu na Halifax, haukuonekana, na hakuna aliyetupa bildi, yaani kizito chenye kamba cha kupimia kina. Kilichomwamsha ni mwamba.

Bildi ingesaidia nini gizani?
Gizani ndimo kazi yake. Bildi ya maji makuu ni pande la madini ya risasi la kilo 13 au zaidi, kitakoni lina shimo linalojazwa shahamu (mafuta ya mnyama). Punguza mwendo, tupa, soma pima (kipimo cha kina, kama mita 1.8) kwenye kamba, kisha itazame shahamu: imenasa mchanga, matope, kokoto, au imerudi tupu ina alama ya jiwe? Linganisha na chati (ramani ya bahari), rudia. Kipimo kimoja hudanganya. Mfululizo hausemi uongo kirahisi. Ukitupa meli ikiwa mbioni, kamba hulala mshazari na pima huzidi ukweli. Pwani ile kina cha maji hupungua mapema, kabla ya nchi kavu. Wenye mitambo ya kisasa msicheke: kioo cha mtambo kisichotazamwa hakina tofauti na bildi iliyo sandukuni.

Mbona hakupona mwanamke hata mmoja?
Familia na wanawake walilazwa tezi (nyuma ya meli), wanaume wasio na wake omo (mbele). Meli ililala upande wa kushoto, mashua za upande huo zikachukuliwa na mawimbi, tezi ikajaa maji. Waliofika juu baridi iliwaua. Mshika usukani John Speakman aliogelea na kamba hadi mwambani, yadi kama 40. Watu wapatao 200 walivuka kwa kamba. Mtoto aliyepona ni mmoja, John Hindley wa miaka 12.

Nahodha alifungwa?
Hapana. Cheti chake cha unahodha kilisimamishwa miaka 2.

Titanic si ndiyo ajali ya kwanza ya White Star?
1873 hutangulia 1912. Tafadhali.

Walikufa wangapi hasa?
Kati ya 535 na 562, kutegemea orodha. Kijiji cha jirani cha Terence Bay pekee wamezikwa 277.